Qali na Ngamia Aliyezuia Maziwa

Qali binti Bishar alizaliwa nje kidogo ya Bute, na hakuwa na lolote ambalo mtu angelionea wivu. Baba yake alikufa Qali hajaanza kutembea, na mama akafuata kwa homa. Akalelewa na Diriye, ndugu wa baba yake, mtu wa ngamia, mkali wa maneno, lakini hakuwahi kumlaza njaa. Shule aliiacha mapema. Alichopewa na Mwenyezi Mungu ni sauti.

Wala si sauti ya kupendeza watu. Ilikuwa nzito, ya puani, na watoto wenzake walimcheka. Lakini mbuzi wakiisikia walitulia. Mbuzi akizaa halafu akamkataa mtoto wake, Qali alichuchumaa pale, akamsogeza mtoto puani mwa mama, akavuma polepole mpaka mama aanze kulamba. Hakuyajua hayo kwa usiku mmoja. Alikuwa akikaa mbali na kisima akiwasikiliza wanaume wanavyowaimbia mifugo wakiwanywesha, kisha anarudi nyumbani anajaribu, anakosea, anajaribu tena. Wanawake wakaanza kumwita.

"Mpelekeeni na mume wangu amwimbie," walitaniana, "labda naye atanitazama!"

Qali alicheka nao, wala hakuwahi kudai kitu. Sauti ni ya Mungu, alisema, yeye ameshikishwa tu.

Ila kwa ngamia hakuruhusiwa. Kwetu ngamia ni wa wanaume, na mwanamke hamkamui.

Basi ukaja ule ukame, mvua ikakosa msimu baada ya msimu. Mbuzi wakaisha karibu wote. Ng'ombe walishaisha kabla yao. Katika shida hiyo binti yangu Ramla alijifungua, na damu haikukatika. Inna lillahi. Aliniachia Idman, mtoto wa kike, mdogo kama sungura. Maziwa ya unga yalikuwa yamekwisha madukani na lori la Wajir halikuonekana. Wanyonyeshaji wenyewe walikuwa wamekauka. Nilimpa Idman maji ya sukari kwa kijiko. Kilio chake kikawa kidogo, kisha kikawa kidogo zaidi.

Mnyama aliyekuwa na maziwa alibaki mmoja tu, ngamia wa Diriye aliyeitwa Addey. Alikuwa amezaa, na ndama wake akafa.

Ngamia hateremshi maziwa bila mtoto wake. Kwa hiyo ndama akifa, wachungaji humchuna na kuiweka ngozi mbele ya mama, naye akiinusa maziwa hushuka. Diriye aliyajua haya kuliko sote. Lakini yule ndama alikuwa wa mwisho katika zizi lake, na alipoanguka, Diriye alimwacha palepale, akageuka akaenda zake. Fisi hawakubakisha hata kwato.

Nilimbeba Idman nikaenda zizini.

"Diriye, mtoto wa Ramla anakufa."

"Naona. Nina macho." Alikuwa ameketi chini, amempa ngamia mgongo. "Nimejaribu asubuhi. Tazama goti langu alivyolipiga."

Qali akasogea. "Adeer, niache nimwimbie." Ndivyo tunavyomwita ndugu wa baba, adeer.

"Huyu si mbuzi. Na mwanamke kwa ngamia? Watanicheka mpaka Moyale!"

"Nani atakucheka, adeer? Waliobaki hapa hawana hata mate ya kutema."

Diriye akaguna, karibu acheke. "Imba basi. Lakini kiwele nashika mimi. Wewe usimguse."

Qali akaanza kuvuma vile alivyowavumia mbuzi. Addey akarusha teke, bakuli likaviringika mpaka miguuni pangu. Qali akanyamaza, akafikiri.

"Adeer, yule ndama ulikuwa unamwitaje ukimleta anyonye?"

"Usiniulize hilo."

"Mara moja tu."

Nikaifunua nguo ya Idman, Diriye aone mbavu. Alitazama, akajifunika uso kwa shuka, na kutoka ndani ya shuka akaita. Ulikuwa mwito mrefu, unaanzia chini kooni na kupanda. Addey akageuza kichwa. Qali akaudaka, akaukosea mwanzoni, akaurudia, na safari hii ukatoka kama wa Diriye, lakini laini zaidi. Yule ngamia akainamisha shingo, akawa anatafuta katikati ya miguu yetu. Akanusa nguo ya Qali. Kisha nikasikia maziwa yakigonga bakuli.

Alhamdulillahi. Idman akanywa, kijiko kwa kijiko.

Diriye alipoinuka alisema, "Mnajua mnachofanya? Huyu hali kitu. Haya anayatoa katika mwili wake."

"Tuache?" Qali akauliza.

Diriye akamtazama mtoto. "Jioni uje uimbe tena."

Ikawa hivyo, asubuhi na jioni, na kila tulipoitazama nundu ya Addey ilikuwa imepungua. Lori lilipofika na makopo machache ya maziwa ya unga, alikuwa hawezi tena kusimama. Diriye akasoma Bismillahi, akamchinja asije akafa kibudu. Tukagawana ile nyama kavu. Qali hakuigusa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Akaniambia kama mtu na shangazi yake, "Eedo, nilimdanganya. Kila nikiimba alimtafuta mtoto wake. Mungu alinipa sauti nimdanganye mnyama mpaka afe?"

Nikamwekea Idman mapajani. "Sikia anavyopumua," nikasema.

Akasikiliza. Machozi yalimtoka bila sauti.

Diriye akaja akasimama juu yetu. Hakuwa na zizi tena, alishika tu fimbo yake. "Kwa jirani yetu Gelle kuna mbuzi amezaa. Ndiye pekee waliyebaki naye. Anamkataa mtoto, na maziwa amezuia. Wanakuita."

"Adeer, mimi siimbi tena."

"Basi mtoto wa mbuzi atakufa. Halafu watoto wa Gelle." Hakupandisha sauti. "Addey alikuwa wangu, na mimi sijakulaumu."

Qali akanirudishia Idman, akajifunga mtandio, akashika njia ya kwa Gelle. Nilimsikia akilijaribu koo, sauti inakatika, anaianza upya.