Kibao cha Shaba cha Enoch Yardley

Ilikuwa mwaka hamsini na saba. Hapana, nakosea, ilikuwa hamsini na nane, maana ule wa saba jiwe langu la kunolea visu lilipasuka na sikufika mji wa Coventry kabisa.

Enoch Yardley wa huko alikuwa fundi wa magari ya kusambazia maziwa, yale ya umeme yapitayo alfajiri bila kelele. Zamani, ndani ya banda la kuku la mjane mmoja, alikuta kitu ambacho kila mtu alikiita mkokoteni. Akapiga magoti, akanusa mbao.

"Mkokoteni hauliwi na tindikali," akasema. "Hapa palikaa betri. Hili ni gari."

Akalitengeneza miaka kumi na tisa. Alitaka jambo moja tu: aliendeshe mara moja kwenye msafara wa Novemba, kutoka London hadi baharini, usiopokea gari lililoundwa baada ya mwaka 1904. Na kila Jumapili, baada ya kanisa, alikisugua kibao cha shaba chenye namba ya gari, ile inayotaja mwaka lilipoundwa, mpaka ujione meno. Huku kwetu shaba iliyofifia ni aibu ya nyumba.

Siku ya kuthibitisha umri wa gari, nami nikinoa visu mlangoni pao, wakaja watu watatu wa kamati ya msafara, wote wa magari ya petroli. Mwenyekiti, Bwana Pargeter, akapitisha kidole juu ya kibao, kisha akakipenyeza nyuma ya ukingo wake. Kidole kikakawia kidogo.

"Namba iko wapi, muuza maziwa?"

"Hapo hapo, bwana."

"Hapa naona pua yangu tu." Wenzake wakaangua kicheko. "Umeusugua mwaka wako ukaisha, mzee! Mkeo je, bado ana sura?"

"Tazama huu usukani wa fimbo, bwana. Tazama sanduku la betri. Mimi haya nayajua."

"Kujua si ushahidi. Hakuna namba, hakuna cheti."

Mke wa Enoch, Winnie, akamwita ndani, chai inapoa. Hakwenda.

Majira ya machipuko, mtu akaja kulinunua kama chuma chakavu. Enoch mwenyewe alisaidia kulisukuma, huku akimwomba asiishike shaba kwa mikono yenye mafuta.

Novemba tukasimama kando ya barabara, mimi na yeye. Gari lile lile likaja kimya, Pargeter kashika usukani, cheti cha 1901 kimebandikwa mbele. Enoch akavua kofia.

"Linakwenda vizuri," akasema.

Waliposimama kupumzika, nikamuuliza fundi wao namba ilipatikana wapi.

"Nyuma ya kibao. Iligongwa kwa nyundo, ikatokeza upande wa pili. Skrubu mbili tu, babu."

Enoch alisikia. Skrubu hizo hakuwahi kuzigusa, kwa heshima.

Nikamwendea mwenyekiti, naye akavaa glavu zake polepole, moja baada ya nyingine, akitazama mbele.

"Bwana Pargeter," nikasema, "siku ile kidole chako kilipopita nyuma ya kibao, kiligusa nini?"