Vitovu vya Watoto wa Bwana Harusi

Watu walimwita Bibi Chuma, na hakuna aliyemsingizia. Mgongo ulishapinda kwa kusugua sakafu ya banda, lakini umwambie apumzike, atakutazama kama umemtukana.

Nguruwe wake wote walitoka tumbo moja, la jike aliyepewa na mama yake. Damu ya nje hakutaka kuisikia. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Dume wake, Bwana Harusi, alimlea kwa chupa. Sasa ana mgongo kama benchi, na ukimkuna nyuma ya sikio anajilaza kama mtoto.

Lakini watoto wake! Safari hii tena, baadhi yao vitovu vilitokeza kama ndimu. Ukibonyeza, utumbo unarudi ndani. Ukiachia, huo tena. Chuma aliwafunga vitambaa tumboni. Vikalowa mkojo, vikateleza.

"Wembe wako huo," akamwambia mkaza mwana wake. "Unakata kitovu kama unakata bamia."

"Mama, safari hii ulikata wewe. Mimi nilishika beseni tu."

Kweli. Chuma akatafuta kosa lingine. "Basi sakafu."

"Na wale wa fundi cherehani? Jike wake alizalia kwenye majani makavu, watoto wakatoka hivihivi. Baba yao nani?"

Chuma akachukua beseni, akaenda kumwaga maji.

Mchana akaja daktari wa mifugo, binti mwenye buti zinazompwaya. Akawapapasa watoto mmoja mmoja.

"Bibi, hata uchafu na kitovu kuoza huleta henia. Ila ikijirudia hivi kwa majike tofauti, dume akiwa yuleyule, basi imo kwenye uzao. Tena si kitu kimoja kinachorithiwa. Ni vingi vidogovidogo, vingine vya baba, vingine vya mama. Na hawa wako ni ndugu, kwa hiyo vinakutana."

"Bwana Harusi ana henia gani? Mtazame tumbo, kama sahani!"

"Anaweza asiwe nayo yeye, akawapa watoto. Asipande tena. Ahasiwe, anenepeshwe. Wewe tafuta dume wa nje."

"Binti, mimi nimefuga kabla mama yako hajaota meno."

"Sibishi, bibi." Akanawa mikono, akaenda zake.

Jua halijapoa, fundi cherehani huyo, anavutana na jike wake kwa kamba. "Bibi Chuma, fungua! Bibi harusi kafika. Tangu jana hali, halali."

"Wale watoto wa mara ile, vitovu vyao?"

"Mmoja kafa, utumbo ulinasa. Si ulisema mwenyewe ni wembe?"

Chuma akashika komeo. Neno moja tu, na dume wake anabaki. Mkaza mwana aliacha kufagia, akimtazama.

"Si wembe," Chuma akasema. "Ni dume wangu. Mrudishe."

"We bibi! Nimeburutwa na huyu mkaidi njia nzima, watu wananicheka!"

"Wacha wacheke. Mpeleke kwingine. Na ukipata dume mzuri..." Akaliachia komeo. "Uje uniambie na mimi."

Fundi akaondoka analaani. Chuma akamtuma mkaza mwana akamwite mtu wa kuhasi, kisha akaketi juu ya ndoo, mgongo kauelekeza bandani. Bwana Harusi alishamnusa jike. Akausukuma mlango kwa pua, mbao zikatikisika, zikatikisika. Chuma hakugeuka.