Ufunguo Niliompa kwa Mikono Miwili

Ukucha wa kidole changu cha kati, mkono wa kulia, umeota ukiwa umepinda. Watu wakiniuliza nasema nilibanwa na mlango. Nimechoka kueleza, maana nikieleza, swali la kwanza huwa mama anayenyonyesha alifuata nini kwenye mashine.

Nilifuata cheti. Nilisoma chuo cha ufundi miaka miwili, matengenezo ya mitambo ya viwandani. Darasa zima tulikuwa wasichana wawili, na mwenzangu aliacha njiani. Mimi mimba ilinikuta mwaka wa pili na sikuacha. Nilijifunza kunyoosha shafti huku tumbo likinizuia kuifikia meza. Baba wa mtoto alikwenda machimboni Geita, simu yake haipatikani mpaka leo. Kilichobaki ilikuwa fildi tu: wiki nane kiwandani, kisha fundi mkuu wa hapo asaini daftari langu. Bila saini hakuna cheti, na bila cheti wewe ni mtu tu anayejua kushika spana.

Fildi niliipata kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, mwendo wa miguu kutoka Igogo, ninakokaa na mama yangu. Mama ndiye alibaki na mtoto.

Mwalimu wetu wa karakana alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka tukaiota. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli lako mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Hapewi mtu. "Hata mkuu wa chuo akiuomba, mnyime. Hata mimi." Alimpa kila mmoja wetu kufuli jekundu lenye namba. Tulimtania kwamba kwake nyumbani mke haingii jikoni bila kibali. Hakucheka.

Fundi mkuu wa kiwandani alikuwa na umri wa marehemu baba yangu. Asubuhi nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, anauliza mtoto kaamkaje. Aliniita mama mtoto. Mafundi vijana waliponicheka kwamba nitazipaka mashine maziwa badala ya grisi, yeye ndiye aliwanyamazisha. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma. Angekuwa mtu mbaya ningejihadhari.

Wiki ya saba, mkanda unaopeleka minofu chumba cha baridi ulianza kulia. Beringi ilikuwa imekufa. Akanituma mimi, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Nikazima, nikafunga kufuli langu, nikafungua kifuniko. Nilikuwa nimeshatoa boliti mbili mlinzi alipokuja kuniambia mama yangu yuko getini, mtoto amekataa uji na analia hanyamazi. Maziwa yalikuwa yameshalowesha ovaroli. Nikanawa grisi haraka haraka.

Fundi mkuu akanikuta mlangoni. Nikamweleza. Akanyoosha mkono.

"Niachie ufunguo, mwanangu. Mzigo ukija wewe uko getini, meneja nitamwambia nini?"

Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, goti nimelikunja, kama ninavyompa mzee chochote tangu nianze kutembea. Kwetu Usukumani mtoto wa kike hakatai mkono wa mzee. Sheria ya mwalimu ilinijia kichwani, naapa ilinijia, lakini magoti yalikuwa yameshakunjika.

Nilinyonyesha chini ya ukuta wa geti, mama akinisimulia homa ya mtoto, mimi nahesabu dakika. Niliporudi nililiona kufuli langu likining'inia pale pale kwenye swichi, jekundu. Sikulivuta kuhakikisha. Fundi mkuu hakuwepo, nikadhani kaenda chai. Nikaingiza mkono.

Mkanda ukaondoka. Glovu ikavutwa na kidole kikaifuata. Mama mmoja wa meza ya kukata minofu, simjui hata jina, alirusha kisu chini akakimbia na gambuti zake akabonyeza kitufe chekundu. Yule ndiye aliyeuokoa mkono wangu. Baadaye wakaniambia fundi mkuu alikuwa amefungua kufuli ili mkanda uzungushwe kidogo, ausikilize, kisha akazima, akalirudisha kufuli mahali pake bila kulibana, akaitwa ofisini. Mtu wa zamu akaona kufuli halijabanwa, akawasha.

Fundi mkuu alinifuata chumba cha huduma ya kwanza. Alikuwa na vitu viwili mkononi: fomu ya taarifa ya ajali na daftari langu.

"Andika ulifungua mwenyewe ukasahau kufunga," akasema taratibu. "Daftari nasaini sasa hivi."

"Ulifungua wewe, baba."

"Ni mimi. Lakini mimi wakinifukuza sirudi tena kazini, kwa umri huu. Wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi husamehewa."

Nikaandika. Kidole kimefungwa bendeji, herufi zinalala huku na huku, nikaandika kwamba ni mimi. Akanirudishia kufuli na ufunguo, akasaini daftari, akaongeza kwa mwandiko mzuri kwamba mimi ni mchapakazi na nina nidhamu. Nidhamu.

Nakala ya taarifa ilikwenda chuoni. Hilo hakuniambia, au hakulijua. Mwalimu wa karakana aliniita, akaviweka mezani daftari na ile karatasi, bega kwa bega.

"Ulifungua kufuli mkono ukiwa bado kazini?"

Nikamwambia ukweli wote, mpaka wa getini. Alinisikiliza, na kwa muda nikaamini nimepona. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo ulimpa mtu ufunguo."

Hakupandisha sauti. Ndipo nilipoelewa kwamba nikikubali karatasi nimefeli, na nikiikana nimefeli. Somo la usalama halina nusu. Akaamua fildi ifutwe, nitafute kiwanda kingine nianze upya. Nimezunguka viwanda vya mji huu mpaka soli zimeisha. Wanaomba barua ya nilipotoka. Siku hizi nakaanga mapanki Igogo, mifupa ya sangara wale wale niliokuwa nawatengenezea mkanda, na mama bado anawaambia majirani binti yake ni fundi. Simkatazi. Fundi mkuu, nasikia, yuko kazini.

Siku ile mwalimu aliniomba kufuli, kwa kuwa ni mali ya chuo. Nikalitoa mfukoni. Akanyoosha mkono apokee na ufunguo. Ni mtu mzima, mvi zimemjaa. Niliutupa mezani, kwa mkono mmoja, nikatoka bila kuaga.