Yowe la Ng'ombe

Juzi hapa Bweri jirani yangu aliona nyoka chooni akapiga yowe. Mimi, mwanamke mwenye wajukuu na magoti mabovu, nilijikuta katikati ya barabara nimeshika mwiko wa ugali, vijana wa bodaboda wakinipigia honi na kunicheka. Wacheke tu, hawakukulia kijijini Bukima. Kwetu yowe lilikuwa sheria. Likisikika, kila mwenye miguu anatoka na alichonacho mkononi, na asiyetoka kesho ataulizwa alikuwa upande wa nani.

Ila mayowe yalikuwa ya aina mbili. Lile la ng'ombe walioibwa lilikuwa refu, linapanda, linapanda, kisha linakatika ghafla. Hilo liliwatoa wanaume hata wakiwa wanaoga ziwani, povu kichwani. La pili lilikuwa la mwanamke anayepigwa. Hilo watu walilisikia wakaendelea kugeuza dagaa wao juani. Ya ndani hayo, walisema.

Hili la pili ndilo nililolijua zaidi, maana lilitoka nyumbani kwetu.

Baba yangu, Magesa, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo mjini Musoma. Vipuri vikaadimika, mashine zikanyamaza, naye akarudi kijijini na sanduku la bati na hasira. Ilikuwa miaka ya dhiki. Nguo tulifulia majani ya mpapai, mboga tulikaangia mafuta ya sangara, na harufu yake ilitufuata mpaka kanisani. Baba akaingia kuvua kwenye mtumbwi wa watu. Siku ambayo nyavu zilitoka tupu, mama ndiye aliyelipia. Nilimwona siku moja akitemea jino kiganjani, akalitazama, akalitupa, akaenda kusonga ugali. Bibi, mama yake baba, alikuwa akimfariji hivi: avumilie, damu ya ukoo ule ni ya moto, hata babu yangu alikuwa hivyohivyo. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nang'ata wenzangu shuleni, niliambiwa damu hiyo ninayo. Eti tone kwa tone. Nilikuwa nikigusa mshipa wa shingo kusikia kama unachemka.

Basi wakaja wageni. Walikuwa watatu, watu wa kujitolea, kila mmoja na nchi yake: dada mmoja Mzungu aliyeiva jua mpaka pua inabambuka, kijana wa Kihindi mwenye miwani, na mwanamama wa Afrika Magharibi mwenye kitambaa kikubwa kichwani. Walikuwa wameshapita Bunda na Butiama wakihubiri amani, lakini bila Biblia. Walining'iniza picha ya ubongo kwenye ukuta wa shule, pembeni yake ya nyani. Mwalimu wetu akatafsiri: sayansi imetafuta mbegu ya vita ndani ya damu ya binadamu, haikuiona. Kupiga ni kitu mtu anafundishwa, na alichofundishwa anaweza kukiacha.

Wazee walicheka. Mmoja akauliza kama maana yake ng'ombe wakiibwa tukae tuwaimbie wezi. Uwanja ukavunjika mbavu. Ndipo mama akasimama, jicho moja limevimba, akauliza kama ni hakika haimo kwenye damu. Yule mwanamama wa kitambaa akajibu polepole, mwalimu akatafsiri: "Haimo, dada. Asikudanganye mtu."

Loo! Habari ile ilifika mwaloni, penye mitumbwi, kabla ya wageni kuondoka. Wavuvi wakamtania baba kwamba mke wake ameenda kupimisha damu yake kwa Wazungu. Alirudi mchana jua likiwa kichwani, amebeba kasia begani, na wala hakusalimia.

Pigo la kwanza lilivunja mkono wa mama. Nilisikia mfupa. Mama alilia kama alivyolia siku zote, na ng'ambo ya ua jirani yetu akaendelea na dagaa wake. Pigo la pili lilimpasua kichwa, damu ikaruka hadi kwenye shati la baba. Mama akachomoka, akakimbilia kwenye kichuguu nje ya ua, akainua uso. Yowe likapanda, likapanda, likakatika.

"Ng'ombe! Ng'ombe zinaswagwa!"

Kijiji kilifunguka. Filimbi, mikuki, mapanga, marungu. Sungusungu, walinzi wa kijiji cha pili, ndio waliotangulia, nao hawakumjua baba. Waliona mwanaume ana shati la damu na kasia mkononi, anakimbia. Rungu la kwanza lilimkuta tayani. Alianguka, na wakamfunika. Siku hizo mwizi wa ng'ombe hakufikishwa polisi, nyasi kavu za kumchomea zilikuwa zimeshaanza kukusanywa. Nami nilisikia kitu kama furaha kikinipanda kifuani, nikaogopa: hii ndiyo ile damu.

Mama alipita katikati ya marungu akajilaza juu ya baba. Wakampiga naye mgongoni kabla hawajajua ni nani. Kamanda wa sungusungu akanyoosha mkono watu wakasimama, akauliza ng'ombe ziko wapi.

"Ng'ombe hakuna," mama akasema, bado amelala juu yake. "Miaka yote nilikuwaga najililia mwenyewe, hamkuja. Leo nimelilia ng'ombe, mmekuja wote."

Jirani yetu alikuwepo, mikono ina magamba ya dagaa.

Wazee wetu ni wazee wetu. Walimtoza mama mbuzi kwa yowe la uongo, wakamla. Lakini kabla ya kumla walitamka kwamba yowe la mama, liwe la namna yoyote, litaitikiwa. Baba alikunywa uji kwa mrija wa jani la mpapai mpaka mvua zikaja, na aliyemnywesha ni mama, kwa mkono wake mzima. Kusema kweli nilimdharau kwa hilo. Niliona ni woga.

Baada ya ruksa ya biashara, mitumba ilipoanza kuja, nilipigana na mdogo wangu kwa ajili ya gauni la maua. Nilikuwa nimeshainua mchi. Baba, taya limepinda, maneno yakimtoka kwa shida, alisema kutoka kwenye nyavu zake: "Shusha mkono, Nyangeta. Hiyo si damu."

Nilishusha. Nilidhani ananikanya mimi tu, kumbe alikuwa anasema na ya kwake. Mpaka nilipokuwa na nyumba yangu, baba ameshazikwa, ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya yowe, kati ya watu wote waliowasikiliza wageni, mama peke yake ndiye aliyewaamini. Hakumlalia baba kwa woga. Maiti haiwezi kuamua kuacha kupiga, na yeye alitaka baba aache mwenyewe.