Mahali pa Jiko

Alhamisi iliyopita tulimzika mama. Jana nilifukiza ubani chumbani mwake, na moshi ulipoinamia dirishani nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni.

Bwana Faraji, jirani yetu wa Mji wa Kale, alikuwa ameongeza ghorofa, ukuta wake ukaziba dirisha la bibi. Bibi alikuwa mgonjwa kitandani. Joto lote la kaskazi aliomba upepo, hakuupata, akafa. Mama hakumwambia Faraji neno.

Kusi ilipoanza kuvuma, alinishika mkono akanipeleka mpaka kiwanja chetu cha nyuma ya nyumba ya Faraji, tulikopanga kujenga; fundi alikuwa akitungoja na jembe lake. Mama alichukua chetezo cha ubani. Nilidhani anafukuza mashetani. Alikitua huku, akakitua kule, akiufuata moshi kwa macho, mpaka ulipoingia moja kwa moja katika dirisha la Faraji.

“Fundi, jiko langu hapa.”

Fundi akashangaa. “Bi Amina, hapa moshi wote utamwingilia jirani. Nawe wakaanga papa wa kuuza!”

“Tena naanza alfajiri.”

Faraji akatoa kichwa dirishani. “Mashaallah, Bi Amina! Ubani wako wanukia!”

“Vuta, bwana. Vuta sana leo.”

Alicheka, akalifungua dirisha wazi kabisa. Mimi nilifurahi, nikidhani wamepatana. Sasa najua, na sitamwombea mama msamaha kwa hilo.

Mama alichukua jembe mkononi mwa fundi, akapiga la kwanza yeye mwenyewe.