Joto la Maji ya Mtungini

Miaka ile malori ya watu binafsi yalipoanza kuingia kijijini kwetu Mlali kununua alizeti, mume wangu alianguka kutoka juu ya magunia, lori likielekea soko la Majengo. Uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kiunoni kushuka, miguu ikawa kama ya mtu mwingine.

Daktari alinieleza kwamba ndani ya uti mna mishipa ya fahamu. Iliyokatika imekatika, ila ipo iliyoshtuka tu, nayo huenda ikafa, huenda ikapona. Nikamuuliza, hiyo iliyoshtuka hulindwa kwa majani gani? Akasema hajui. Akaniasa tu nisimkande kwa maji ya moto, ataungua bila kujua.

Majani nayajua kwa majina yake tangu utoto. Lakini jani hili hata mimi sikulijua, na nilitaka kulijua. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akawa analeta majani ya mlonge, akitamba kwamba dawa ya kwao haijawahi kushindwa. Manjano nikatia kwenye uji. Mlonge nauchemsha, naacha uwe vuguvugu, napima kwa kiwiko, ndipo namkanda. Nikimuuliza, anasema anasikia joto.

Siku moja kuni zilikuwa mbichi, moto ukagoma. Nikamkanda kwa maji ya mtungini, baridi kabisa.

"Leo joto limepenya, mama watoto," akasema.

Nikajiuliza: mishipa inamdanganya yeye, au yeye ananidanganya mimi? Kesho yake nikamfunga macho kwa kanga. Mara maji baridi, mara vuguvugu. Kote joto.

"Sasa hivi je?"

"Joto."

"Mzee, sijakugusa."

Akacheka kidogo. "Dada anatembea njia yote ile na mzigo kichwani. Nimwambieje kwamba sisikii?"

Wifi alipoambiwa alinuna, halafu akasema, "Basi kilichopona ni ulimi."

Tukakubaliana mume wangu aseme kweli tu. Ikawa hapana, hapana, miezi. Hapana zile nilizipenda kuliko lile joto. Kiangazi mlonge ukapukutika, nikawa namkanda kwa maji matupu. Ni siku hizo, macho yamefungwa, aliposema polepole:

"Kidole gumba, mguu wa kushoto. Baridi."

Kweli maji yalikuwa baridi, na kidole kilikuwa hicho.

Ni mlonge wa miezi ile, ni manjano, au mishipa iliamka yenyewe? Wifi anao uhakika wake. Mimi nilikwenda kuinjika maji, yapate kuwa vuguvugu, nimuulize tena.