Mpira wa Kunyonya na Kamba ya Mgomba

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa gereji ya Bilele, mjini Bukoba, Mzee Shabani, hakunipa spana. Alinikalisha kwenye usukani wa gari kubwa la familia, lile la viti saba, akaniambia nizungushe stelingi injini ikiwa imezimwa. Nikauma meno, ikasogea kidogo. Akawasha injini. "Zungusha tena." Ikaenda kama mwiko kwenye uji.

"Umeona? Hiyo nguvu ya pili si ya mikono yako, ni ya oili," akasema. "Ukijua oili inatoka wapi na inakwenda wapi, umemaliza shule."

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la tano, kwa hiyo habari ya kumaliza shule ilinifurahisha sana.

Ninyi vijana mnakuta magari mapya yenye mota ya umeme kwenye stelingi, mnachomeka kompyuta, inawatajia ugonjwa. Yetu ilikuwa pampu, inazungushwa na mkanda wa injini. Inavuta oili kutoka kwenye kikopo chake kupitia mpira wa kunyonya, inaisukuma kwa presha hadi kwenye raki, chuma kile kinachogeuza matairi. Stelingi ikiwa nzito, Mzee Shabani alitaka tuanze na vitu vya bure: upepo wa matairi, kiasi cha oili, mkanda kama umelegea. Halafu tunadondosha oili kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu safi, ni nzima. Ya kahawia inayonuka kuungua, imechoka. Yenye povu kama la sabuni, imekula hewa, na hapo alikuwa mkali kabisa: usiguse pampu kabla hujakagua mpira.

Baada ya miaka kadhaa nikapata kazi Muleba, kwenye karakana ambayo jina lake silitaji, kwa sababu jina halikukosa kitu. Waliokosa ni watu, na hao nawataja. Mkuu wa Karakana alikuwa Rwegasira, mtu wa tai na kucha safi. Mtunza Stoo alikuwa Deusi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa redio.

Siku moja likaja gari la Mwalimu Adela kwa sevisi. Klipu inayobana mpira wa kunyonya ilikuwa imeliwa na kutu, ikavunjikia mkononi mwangu. Nikaenda stoo.

"Klipu hakuna," Deusi akasema, sikio kwenye redio.

"Zitakuja lini?"

"Zikija utaziona."

Nikaenda kwa Mkuu. "Funga na chochote," akasema. "Mteja anasubiri."

Sasa sisi tumezaliwa katikati ya migomba. Mlango wa banda, mzigo wa kuni, miguu ya kuku, vyote tunafunga kwa kamba ya mgomba. Nyuma ya karakana kulikuwa na migomba. Nikachana gamba kavu, nikasokota nyuzi tatu, nikafunga lile fundo la baba yangu ambalo hata ng'ombe halifungui. Nikaita wenzangu waje kulitazama. Nilichosahau ni kumwambia mwenye gari.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, Mwalimu Adela akarudi. Kila akikata kona pampu inalia, na stelingi inakaza halafu inaachia ghafla. Kesho yake asubuhi alikuwa anawapeleka watoto wanne na mama mkwe Rubafu kwenye ubatizo, milima yote ile. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ndani ya gari, hakutaka kushuka.

Rwegasira akainama, akaangalia chini. Hakuna hata tone. "Haivuji. Pampu imekufa," akasema. "Ninayo nyingine stoo."

Pampu hiyo naijua. Nilishaizungusha kwa mkono, beringi yake inacheza kama jino la mtoto.

Nikadondosha oili kwenye kitambaa. Povu. Nikapeleka mkono kwenye mpira, nikaikuta kamba yangu imelowa oili na kupikwa na joto, imelegea kama mchicha. Na hapa sikilizeni vizuri. Mpira wa presha ukifunguka, oili inamwagika na kila mtu anaona. Mpira wa kunyonya ukilegea, pampu inavuta hewa, na chini panabaki pakavu.

Nilisimama pale, na nyumbani nina mke na watoto wanaokula kwa kazi ile. Nikinyamaza, Mwalimu anaondoka na pampu mbovu kwenye miteremko. Nikisema, naonyesha fundo langu mwenyewe.

"Mwalimu, pampu yako ni nzima. Tatizo ni hili."

Akainama. "Hii si kamba ya mgomba?"

"Ndiyo, waitu," nikajibu kwa heshima ya kwetu.

"Nani amefunga gari langu kama mkungu wa ndizi?"

"Mimi."

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani, akaomba aonyeshwe. Akalitazama. "Fundo zuri lakini," akasema. "Huyu kalelewa."

Rwegasira hakucheka. "Projesti, kusanya vyombo vyako. Unatuaibisha."

"Mkuu, si uliniambia nifunge na chochote?"

"Nilikuambia chochote, sikukuambia ulete shamba!"

"Atamaliza kwanza gari langu," Mwalimu akasema kwa ile sauti ya darasani. "Na klipu iletwe sasa hivi, nasubiri hapa hapa."

Deusi akaingia stoo, akatoka na boksi zima. Jipya, limejaa, juu yake vumbi la miezi. Zilikuwepo siku zote, mtu hakutaka tu kunyanyuka kwenye kiti.

Nikafunga klipu, nikabadilisha oili, nikainua matairi ya mbele. Injini ikiwa imezimwa nikazungusha stelingi taratibu, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, nikiongeza oili mpaka mapovu yakakoma. Kisha nikawasha. Pampu kimya. Nikabeba sanduku langu, nikatoka getini bila kazi.

Mwalimu akasimamisha gari pembeni yangu. "Kwenu si Bukoba? Kesho tunapita huko. Utapanda nasi, ikigoma utasukuma."

Baadaye nilifungua gereji yangu Kibeta, huko huko Bukoba, na wateja wa mwanzo walikuwa walimu wa Muleba aliowatuma yeye. Aliwaambia waende kwa fundi anayetaja makosa yake. Nimefanya kazi pale mpaka mwaka huu, bega la kulia lilipokataa.

Nimestaafu na hasira mbili, moja kwa Rwegasira na moja kwa Deusi, na zote nazitunza vizuri. Ilikuwepo ya tatu, ya kujichukia mwenyewe. Hiyo iliisha Jumamosi ile ya ubatizo, nikiwa nimebanwa kati ya mama mkwe na watoto, sanduku la spana magotini, tunashuka kuelekea ziwani. Mwalimu alikata kona kali kwa mkono mmoja huku akigeuka kuwagombeza watoto wasinyang'anyane maandazi, na katika gari zima ni mimi peke yangu niliyesikia kwamba pampu hailii.